JINA GANI LIANDIKWE UBAONI?

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika gazeti letu hili tupate kulijibu neno lililopitishwa na Kamati ya Michezo ya Chama chetu. Neno lenyewe ni hili: kwamba ule ubao wa mninga utakaotundikwa ukumbini, wenye kichwa cha maneno "Mashujaa wa Timu Yetu", uandikwe majina ya wale tu waliokuwamo uwanjani siku timu ilipochukua kombe, na pamoja nao kila mchezaji aliyefunga mabao 50 au zaidi. Basi. Wengine wote, hata kama waliichezea timu tangu ndevu hazijaota mpaka mvi zikaota, hawamo.

Hatusemi kwamba Kamati ina nia mbaya. Wajumbe wake ni watu wa heshima, nao wameona ya kuwa kombe ni kitu kinachoonekana, na bao ni kitu kinachohesabika, na sisi makarani kwa desturi ya kazi yetu twapenda kinachohesabika. Walakini twasema waziwazi kwamba kipimo chao ni kibovu, na kikiachwa kama kilivyo kitatutia aibu mbele ya watoto wetu.

Tazameni matokeo yake. Kwa kipimo hicho, ubaoni ataandikwa kijana mmoja, fundi sana wa miguu, aliyeletwa kituoni kwetu kwa uhamisho, akakaa miezi 8, akafunga bao la ushindi katika fainali, akahamishwa tena, na tangu siku ile hajatuletea hata salamu. Hatumchukii. Bao lake tulilishangilia mpaka sauti zikatukauka. Lakini beki wetu wa kushoto, yule mzee wa stoo, aliyecheza misimu 19, hataandikwa, kwa kuwa mwaka wa kombe mguu wake ulikuwa ndani ya plasta. Jina lake hatulitaji kwa sababu hakutupa ruhusa, wala hapana haja, maana wanachama wote wanamjua. Ni yeye aliyekuwa akishona mipira usiku kwa taa wakati sanduku la Chama lilipokuwa halina senti. Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa makarani kila Jumamosi asubuhi, na watatu katika watoto hao ndio waliocheza fainali ile ambayo yeye aliitazama akiwa ameegemea magongo. Na siku hiyo hiyo ya fainali, ndugu wajumbe, jezi walizovaa wachezaji zilikuwa zimefuliwa nyumbani kwake.

Swali hili la nani astahili kuitwa shujaa wa klabu si letu peke yetu. Limekwisha kuulizwa mahali penye mpira mkubwa kuliko wetu. Na kwa kuwa wajumbe wa Kamati kila wakisimama kusema hupenda kututolea mifano ya Uingereza, nasi tutakwenda huko huko Uingereza, tuone kama mifano hiyo yasimama upande wao.

Katika jimbo la Lancashire uko mji uliokuwa wa viwanda vya pamba, jina lake Preston. Klabu ya mji huo, Preston North End, ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza kabisa wa Ligi ya Uingereza, msimu wa 1888–89, bila kufungwa mechi hata moja, na mwaka huo huo ikachukua na Kombe la FA. Msimu uliofuata ikawa bingwa tena. Basi kama vikombe ndivyo vimfanyavyo mtu kuwa shujaa, watu wa Preston walikuwa na mashujaa wa kutosha tangu enzi ya Malkia Victoria, na sanamu iliyo mbele ya uwanja wao wa Deepdale ingalikuwa ya mmoja wa watu hao. Lakini sanamu iliyosimamishwa pale mwaka 2004 ni ya Tom Finney, ambaye katika maisha yake yote hakupata kuwa bingwa wa Daraja la Kwanza wala kulishika Kombe la FA. Ukitoa kombe la wakati wa vita la 1941, na ubingwa wa Daraja la Pili wa 1951, mikono yake ilikuwa mitupu. Kamati yetu isingalimwandika kwa vikombe. Ingalimwandika kwa mabao, maana aliifungia Preston mabao 187 katika mechi 433 za Ligi, lakini ingalimweka sawasawa na kila mtu aliyepata kufunga 50, kana kwamba ni hesabu ya magunia.

Finney alizaliwa tarehe 5 Aprili 1922, katika mji huo huo. Baba yake hakukubali aingie mpira kabla ya kujifunza kazi ya mikono, akawa fundi bomba. (Wazazi wetu nao walisema vivyo hivyo juu ya cheti cha ukarani, na wengine wetu tungali tukiwanung'unikia.) Alitia sahihi kuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 1940, vita vimekwisha kuanza. Akapelekwa Misri katika Jeshi la Nane, kisha Italia, akiendesha kifaru. Kwa hiyo mechi yake ya kwanza ya Ligi aliicheza Agosti 1946, mtu mzima wa miaka 24. Miaka ambayo mchezaji hujijengea jina, yeye aliimaliza vitani.

Baada ya hapo twende taratibu, maana habari yenyewe iko hapa. Mwaka 1949 Preston iliteremshwa daraja. Finney wakati huo alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, mtu aliyejulikana Ulaya yote. Akashuka na klabu yake, akacheza Daraja la Pili misimu miwili, akairudisha juu mwaka 1951. Mwaka 1953 Preston ilimaliza Ligi ikiwa na pointi 54, sawa na Arsenal, na Arsenal wakapewa ubingwa baada ya makarani wa Ligi kuchukua kalamu na kugawa mabao yaliyofungwa kwa mabao waliyofungwa, ikaonekana tofauti ndogo kama uzi. Mwaka 1954 ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na West Bromwich Albion 3–2, na siku hiyo Finney mwenyewe hakucheza kwa kadiri yake. Mwaka 1958 ikamaliza ya pili tena. Mara tatu mlango ulifunguka, na mara tatu ulifungwa usoni pake.

Lakini waandishi wa habari za mpira walimchagua Mchezaji Bora wa Mwaka 1954, na wakamchagua tena 1957, naye akawa mtu wa kwanza kuipata heshima hiyo mara mbili. Alicheza winga wa kulia. Timu ya taifa ilipohitaji winga wa kushoto akaenda kushoto. Na alipokuwa amepita miaka 30, klabu ilipomtaka awe mshambuliaji wa kati, akaenda kati, akafunga. Siku nyingine za juma, kama ilivyokuwa kabla ya kupata jina, alikuwa akifanya kazi yake ya mabomba mjini. Fikirini hayo, ndugu zetu: mtu aliyemtazama Jumamosi akiwachezesha mabeki aliweza kumwita Jumatatu amtengenezee bomba linalovuja jikoni.

Alistaafu mwaka 1960. Mwaka uliofuata tu, 1961, Preston ikateremshwa daraja, ikakaa zaidi ya miaka 60 bila kurudi juu.

Tulipoyasema hayo barazani, mjumbe mmoja wa Kamati alitujibu kwa neno zito, nasi hatutalikwepa. Alisema hivi: huyo Finney mnamsifu bure kwa kukaa, kwa kuwa hakukaa kwa hiari, alizuiwa. Mwaka 1952 mkubwa wa klabu ya Palermo, kule Sicily, alimwahidi pauni 10,000 za kutia sahihi, pauni 130 kila mwezi, nyumba na motokaa. Wakati huo mshahara wa juu kabisa uliokubaliwa kwa mchezaji Uingereza ulikuwa pauni 14 kwa juma, nao ulipunguzwa wakati wa kiangazi ambapo hakuna mechi. Klabu yake ikakataa, na mambo yakaishia hapo. Kwa kanuni za siku zile, klabu iliyokuwa na karatasi ya usajili ya mchezaji iliweza kumzuia hata mkataba wake ulipokwisha. Akikataa kutia sahihi tena, hakuweza kucheza kwingine, wala mshahara hapati. Basi sifa iko wapi? Mfungwa hasifiwi kwa kuwa hakutoka gerezani.

Neno hili ni la kweli kwa nusu, na nusu hiyo twaikubali bila kigugumizi. Sisi tuliokwisha kungojea barua ya uhamisho miaka na miaka twajua maana ya kuzuiwa. Yeyote atakayesema kwamba kukaa kwa Finney peke yake ndiko kulikomfanya shujaa, amekosea, na amewakosea pia mamia ya wachezaji wengine waliozuiwa vivyo hivyo na hakuna anayewakumbuka.

Lakini karatasi ya usajili yaweza kumzuia mtu asiende. Haiwezi kumlazimisha acheze vema. Hilo nani alijuaye kuliko sisi? Kila mmoja wetu ameona ofisini mtu aliyenyimwa uhamisho. Huja saa 1 na nusu kamili, hutia sahihi daftari la mahudhurio, hukaa, na kazi haiendi. Majalada yanajaa vumbi, barua zinajibiwa kwa mstari mmoja. Hana kosa la kuandikiwa ripoti, na hata hivyo ameiacha kazi tangu zamani. Finney alikuwa na haki yote ya kuwa mtu wa namna hiyo. Palermo ilikwisha kukataliwa, mshahara wake ulikuwa sawa na wa mchezaji wa kawaida, na tajiri wake hakuweza kumwongezea hata kama angalitaka. Msimu uliofuata, ule wa 1952–53, ndio msimu Preston ilipokosa ubingwa kwa uzi. Hicho alichokitoa msimu ule hakikuwamo katika mkataba wowote, wala hakuna mwenyekiti aliyeweza kumdai.

Tena tazameni alipokwisha kustaafu, ambapo hapakuwa na karatasi ya kumzuia. Aliishi Preston. Aliendelea na kazi yake ya mabomba, akawa hakimu wa mji, akasimamia mambo ya hospitali za wilaya, akawa rais wa klabu yake. Mwaka 1998 akapewa cheo cha Sir. Akafariki tarehe 14 Februari 2014, ana miaka 91. Mtu aliyefungwa hukimbia minyororo inapokatwa; huyu ilikatwa akiwa na miaka 38, akakaa miaka 53 mingine.

Wapo watu wa kuhesabu-hesabu watakaotuambia kwamba mwaka 1963 aliichezea Distillery ya Belfast mechi moja ya Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica, akiwa na miaka 41, na kwa hiyo si mtu wa klabu moja. Mechi ile ilikwisha 3–3. Twawaachia hesabu yao, waifurahie.

Sasa twafika mahali ambapo twataka kusikiwa vizuri, maana hapa si mpira tu. Mkutano uliopita wachezaji wetu vijana waliomba warudishiwe nauli ya basi ya kwenda mazoezini. Mjumbe mmoja akasimama akawaambia kwamba mashujaa wa zamani hawakuomba nauli, walicheza kwa mapenzi, na kwamba vijana wa leo wapenda fedha. Watu wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Twaona kwamba hiyo ndiyo hila ya siku zote ya mtu asiyetaka kulipa: humchukua mzee mwaminifu, humvika shada la maua, kisha hulitumia shada hilo kuwafungia vijana midomo. Ofisini twaisikia kila mwaka wakati wa kuomba nyongeza. Husemwa habari za fulani aliyetumika miaka 30 bila kulalamika. Hazisemwi habari za kiinua mgongo alichopata, wala nyumba anayolala leo.

Sifa za Finney zisitumiwe hivyo. Wachezaji wenzake wa Uingereza hawakukubali zitumiwe hivyo. Chama chao, kikiongozwa na Jimmy Hill wa Fulham, kilitishia mgomo, na Januari 1961 ule mshahara wa juu, ambao wakati huo ulikuwa umefika pauni 20, ukafutwa. George Eastham alikataa kutia sahihi tena Newcastle United, akaacha mpira akaenda kufanya kazi ya kuuza bidhaa kwa rafiki yake, mpaka klabu ikakubali kumwuza kwa Arsenal mwishoni mwa 1960. Hata baada ya kupata alichotaka hakuiacha kesi, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba kanuni ile ya kumzuia mchezaji ilikuwa kizuizi kisicho cha haki. Eastham si shujaa wa Newcastle, wala hatudhani kwamba watu wa huko wangependa kumwandika. Lakini kila mchezaji aliyeamua kukaa baada ya hapo, alikaa kwa kuwa ametaka. Na kama uaminifu una thamani yoyote, thamani hiyo iliongezwa na yule aliyedai ruhusa ya kuondoka.

Mfano upo karibu. Mshahara wa juu ulipofutwa, Johnny Haynes wa Fulham, nahodha wa Uingereza, akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa juma. Alilipwa vizuri, na haikuuharibu moyo wake. Klabu kubwa zilimtaka, akakaa Fulham tangu 1952 hata 1970, mechi 658, kombe kubwa hata moja hakupata, na katika 1968 na 1969 akashuka na klabu madaraja mawili kwa miaka miwili mfululizo. Fulham wakamsimamishia sanamu. Na katika siku za karibu, ambapo tangu hukumu ya Bosman ya 1995 mchezaji wa Ulaya akimaliza mkataba huenda apendako, Francesco Totti aliichezea Roma toka 1993 mpaka 2017, mechi 786, mabao 307, ubingwa mmoja tu wa Italia, wa 2001. Real Madrid ilimtaka. Huko angalivitia vikombe katika magunia. Watu waliolia uwanjani siku alipoaga, Mei 2017, hawakuwa wakililia vikombe.

Nao wako wazee wetu wanaotuunga mkono kwa namna tusiyoitaka. Wao wasema: basi tuhesabu miaka, aliyecheza miaka 10 na zaidi aandikwe. Twawaheshimu, na twawapinga. Kiti nacho hukaa ofisini miaka 30. Wapo waliokaa katika timu yetu kwa kuwa hakuna timu nyingine iliyowataka, na wapo waliokaa wakawazibia vijana njia. Duncan Edwards aliichezea Manchester United mechi 177 tu. Alipata majeraha katika ajali ya ndege ya Munich tarehe 6 Februari 1958, akafariki siku 15 baadaye, na umri wake miaka 21. Nani atakwenda Manchester kuwaambia kwamba miaka yake haikutosha?

Basi kipimo chetu ni kipi? Twakitoa kwa lugha ya kazi yetu. Kila mchezaji ana daftari lenye pande mbili: alichopokea kwa klabu, na alichoipa. Mchezaji aliyelipwa, au aliyepewa nafasi na jezi na makofi, naye akafunga mabao aliyoitiwa kufunga, amelipa. Hesabu yake imekaa sawa. Tumshukuru, tupige mstari chini, tulifunge daftari. Kijana wetu wa miezi 8 ni wa namna hiyo, wala si aibu kwake. Shujaa wa klabu ni yule ambaye ukijumlisha pande zote mbili, klabu yaonekana ingali inadaiwa, na hakuna njia ya kulipa. Ametoa kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haki ya kukidai kwake. Ndiyo sababu watu humsimamishia sanamu: wameshindwa kulipa.

Wala kipimo hiki hakimpendelei mzaliwa wa mji. Twalisema hili kwa sababu tumesikia minong'ono kwamba wageni wa uhamisho wasiandikwe kabisa, nasi twaona minong'ono hiyo ni mibaya kuliko kanuni ya Kamati. Hebu msikilizeni Bert Trautmann. Alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Bremen, askari wa miavuli katika jeshi la Hitler, akatekwa, akafungwa katika kambi ya mateka huko Lancashire. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Mwaka 1949 Manchester City ikamchukua kuwa mlinda mlango. Miaka minne tu tangu vita! Katika mji uliopigwa mabomu na ndege za Kijerumani, na wenye Wayahudi wengi waliopoteza jamaa zao. Watu walifika elfu 20 barabarani kupinga. Ndipo rabi mkuu wa Manchester, Alexander Altmann, ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani, akaandika waziwazi akiwaomba watu wasimhukumu mtu mmoja kwa dhambi ya taifa zima. Trautmann akaingia golini. Mashabiki wa timu nyingine wakamzomea katika viwanja vingi, naye akajibu kwa kudaka mpira.

Tarehe 5 Mei 1956, katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham City, zikiwa zimebaki dakika kama 17, alijitupa miguuni pa Peter Murphy, wakagongana, shingo yake ikaumia vibaya. Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Akasimama, akadaka mpaka mwisho, City ikashinda 3–1, naye akapanda kuchukua medali yake akiishika shingo. Siku chache baadaye picha ya eksirei ikaonyesha kwamba shingo imevunjika. 

Kamati itatuambia: haya, mnaona, huyu alichukua kombe! Ndiyo, alichukua. Lakini medali kama yake walipewa watu 11 siku hiyo. Tunawaomba wajumbe, kabla ya mkutano mkuu na bila kuuliza mtu, waandike katika karatasi majina ya wale wengine 10. Wakiweza, tutaiondoa hoja yetu. Trautmann aliichezea City mechi 545, hata 1964, na hapana shaka watu wale wale walioandamana kumkataa, au watoto wao, ndio walioujaza uwanja siku ya kumuaga. Wao ndio waliobaki na deni.

Kwa hayo yote, sisi tuliotia sahihi waraka huu twatoa hoja ifuatayo, nasi twaomba Katibu aiweke katika ajenda ya mkutano mkuu. Kanuni ya kombe na ya mabao 50 ifutwe. Jina lolote litakalopendekezwa kuandikwa ubaoni lipendekezwe mkutanoni na mwanachama aliyesimama kwa miguu yake, akaeleza mbele ya watu ni kitu gani timu inadaiwa na mtu huyo. Chini ya jina, fundi rangi aandike mstari mmoja wa maelezo hayo, si idadi ya mabao. Wajumbe wa Kamati walio madarakani wasiandikwe wakati wa madaraka yao, hata wakistahili. Kijana wa bao la fainali apelekewe barua ya shukrani. Anwani ya kituo chake iko kwa Katibu. Na vijana warudishiwe nauli zao za basi, tangu mwezi walipoomba.

Jina la kwanza tutakalolipendekeza ni la beki wa kushoto. Tumekwisha kumwendea nyumbani kumwomba ruhusa. Alikuwa akishona mpira wa watoto, akatuambia kwamba atafikiri, na kwamba uzi wa nta umekwisha, Chama kimnunulie mwingine. Twaiomba Kamati isingoje mkutano mkuu kwa jambo hilo la uzi.

Ni sisi, wanachama wenu,
MAKARANI SABA WA KITUO